Kwa nini kipimo chetu cha risasi kwenye maji hutofautiana na cha maabara nyingine

Wateja wanaotuletea maji ili yapimwe metali nzito huuliza swali moja kuliko mengine yote: imekuwaje sisi tuandike risasi kidogo, ilhali maabara nyingine iliyopima maji hayo hayo imeandika kiasi kikubwa zaidi? Mara nyingi majibu yote mawili ni sahihi, ila hayakupima kitu kimoja. Chanzo cha tofauti hiyo ni namna elektrodi yetu inavyofanya kazi.

Elektrodi hiyo ni kipande kidogo cha kaboni ambacho uso wake umefunikwa kwa tabaka jembamba la kemikali iliyochaguliwa kwa sababu huvuta na kushika metali fulani. Kwa risasi na kadimi tunatumia utando wa bismathi, metali ambayo huungana na metali hizo na kufanya aloi, yaani mchanganyiko wa metali. Kwa arseniki na zebaki tunatumia chembe ndogo mno za dhahabu. Zamani kazi hii ilifanywa kwa zebaki yenyewe, kufuatia mbinu ya tone la zebaki iliyobuniwa mwaka 1922 na Jaroslav Heyrovský wa Prague, ambaye kwayo alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1959. Ilikuwa mbinu bora kwa usahihi wake, lakini kutafuta sumu kwa kutumia sumu hakukuweza kupendeza daima, na tangu mwaka 2000, ulipotangazwa utando wa bismathi, maabara nyingi zimepata njia ya kuachana nayo.

Upimaji wenyewe una hatua mbili. Kwanza elektrodi hupewa volti hasi kwa dakika kadhaa huku maji yakikorogwa, na ioni za risasi, yaani chembe za risasi zilizoyeyuka zenye chaji chanya ya umeme, zinazofika kwenye uso wake hupokea elektroni, chembe zenye chaji hasi, na kutua zikiwa metali. Kisha volti hupandishwa taratibu kuelekea upande chanya, na kila metali huyeyuka na kurudi majini kwenye volti yake: kadimi karibu na -0.8, risasi karibu na -0.5, zikilinganishwa na elektrodi rejea, yaani elektrodi ya pili ya madini ya fedha inayotumika kulinganishia volti. Mkondo wa umeme unaotoka wakati huo huchorwa kama kilele, na urefu wa kilele ndio unaotuambia kiasi. Kwa kuwa metali imekusanywa kwanza kabla ya kuhesabiwa, njia hii huweza kuona chini ya mikrogramu 1 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi na 3 kwa kadimi.

Sasa tuje kwenye tofauti. Elektrodi huona ioni zilizo huru, pamoja na zile zilizoshikwa kwa ulegevu tu. Risasi iliyonata kwenye chembe za kutu, au iliyofungwa na mabaki ya mimea yaliyooza majini, haifiki kwenye uso wa elektrodi ikiwa tayari kupokea elektroni, kwa hiyo haihesabiwi. Maabara iliyotia maji asidi ya naitriki, ikayachemsha, kisha ikapima kwa mashine ya plazma, yaani gesi yenye joto kali mno, imehesabu risasi yote bila kujali ilikuwa imejificha wapi. Vikomo tulivyovitaja hulinganishwa na jumla hiyo. Kwa maoni yetu, basi, mtu anayetaka kujua kama maji yake yamevuka kikomo asiridhike na kipimo cha ioni huru peke yake. Atuombe tuyachemshe maji kwa asidi kabla ya kuyapima. Kipimo cha ioni huru kina faida nyingine: kikisomwa kando ya jumla, huonesha kama risasi inasafiri na chembe, ambazo chujio zuri linaweza kuzizuia, au imeyeyuka kabisa, na hapo chujio la chembe halitasaidia.

Shaba hutusumbua zaidi ya kitu kingine chochote. Maji yaliyopita kwenye mabomba ya shaba hubeba ioni zake, nazo hugombea nafasi juu ya bismathi na kukifupisha kilele cha risasi, hata maji mabaya yakaonekana mazuri. Sabuni na mafuta nayo huziba uso wa elektrodi. Ndiyo maana hatusomi kilele mara moja na kuandika jibu: tunaongeza kwenye sampuli ile ile kiasi cha risasi tunachokijua, tunapima tena, na kwa kuangalia kilele kimepanda kwa kiasi gani tunajua maji hayo yanaidhoofisha elektrodi kwa kadiri gani. Kazi hii huongeza muda, na hatuiruki.

Kwa sababu hizo tunaomba chupa mbili za plastiki zilizosuuzwa kwa asidi, ambazo sisi wenyewe hutoa. Ya kwanza, ya kupima jumla, tayari ina asidi ndani yake, maana bila asidi risasi hunata kwenye kuta za chupa; kwa hiyo usiisuuze. Ya pili, ya ioni huru, isitiwe asidi hata tone moja, kwa kuwa asidi huzifungua ioni zilizofungwa na kuharibu kipimo, nayo itufikie mapema iwezekanavyo ikiwa imehifadhiwa kwenye ubaridi. Anayetaka zebaki ipimwe atapewa chupa ya kioo. Andika kwenye kila chupa kama maji yalichotwa bomba lilipofunguliwa tu baada ya maji kulala bombani usiku kucha, au baada ya kuachwa yatiririke.