Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ununuzi wa Umma: leseni ya bekapu isiamue data ipi ipone

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu zabuni ya programu ya bekapu, yaani ya kutunza nakala za akiba za data, unayoiandaa itazifunga taasisi nyingi kwa miaka kadhaa, na sisi tunaoifanya kazi hii kwa mikono hatukuitwa kwenye kikao cha kuandika vigezo. Mimi ni msimamizi wa mifumo. Seva ikiungua, hifadhidata ikiharibika au mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, ni jukumu langu kuwa na nakala mahali pengine na kuirudisha. Naomba unisikilize hasa juu ya jambo moja: kipimo kinachotumika kututoza.

Bei mnaiangalia, sina shaka. Wazabuni wanaleta bahasha, mnazipanga kuanzia ya chini. Lakini kila mmoja amepima kwa pishi lake. Huyu anahesabu terabaiti za data (terabaiti moja ni gigabaiti elfu), yule anahesabu mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja, wa tatu anahesabu soketi, yaani matundu ya kuchomekea prosesa, wa nne anahesabu watumishi wenye akaunti ya barua pepe. Ukiziweka bei hizo kwenye safu moja hujalinganisha kitu. Na tofauti yake haijitokezi mwaka wa kwanza, wakati punguzo la kuingia bado lina harufu ya upya. Hujitokeza siku ya kuhuisha leseni.

Chukua taasisi yenye terabaiti 100. Programu nzuri ya bekapu huondoa marudio: kipande cha data kinachofanana na kingine huhifadhiwa mara moja tu, kisha kinachobaki hubanwa. Kwa hiyo terabaiti 100 zaweza kukaa kwenye diski za terabaiti 30. Diski utalipia 30. Leseni, ikiwa mkataba unahesabu data ya chanzo kabla ya kubanwa, utalipia 100. Neno hilo moja, chanzo au hifadhi, huwa limejificha kwenye kiambatisho ambacho kamati ya tathmini haifiki kukisoma. Halafu data hukua. Ikikua asilimia 25 kwa mwaka, 100 inakuwa 125, kisha 156, kisha 195. Ndani ya miaka mitatu unalipia karibu maradufu bila kuongeza mtumishi wala huduma hata moja.

Kuhesabu kwa mashine pepe nako kuna mtego wake. Wenye seva chache kubwa wananufaika, na aliyegawa huduma zake katika mashine ndogo ndogo 200 kwa sababu za usalama anaadhibiwa kwa kufanya jambo sahihi. Kipimo cha soketi kilikuwa kizuri kwetu zamani, ila watengenezaji wengi wamekuwa wakikiacha kadiri prosesa moja inavyozidi kubeba kori nyingi, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu. Hakuna kipimo kisicho na kasoro. Ninachokataa ni kuchagua bila kujua tumechagua nini.

Nikueleze yaliyotupata, nawe uone ninachokihofia.

Tulikuwa na leseni ya terabaiti 40, na data imefika 52. Programu ikaanza kuonyesha mstari mwekundu juu ya skrini, na kazi za usiku zikawa zinakataa kuanza. Fedha za kuongeza leseni zilikuwa bajeti ijayo. Tukaitana watu wanne kwenye chumba kidogo, lahajedwali imefunguliwa ukutani, ina safu moja yenye kichwa "muhimu" na jibu la ndiyo au hapana. Tulianza na mashine za majaribio. Hazikutosha. Tukagusa logi, yaani kumbukumbu ambazo mitambo hujiandikia yenyewe. Bado. Mwishowe mmoja wetu akaelekeza kidole kwenye folda ya skani za makabrasha ya zamani, terabaiti 9 peke yake, akasema karatasi zenyewe si zipo stoo? Tukaandika hapana. Mstari mwekundu ukaondoka, tukafunga kompyuta, kila mtu akaenda kula. Mwenye makabrasha hakuwa chumbani.

Miezi minane baadaye diski moja ya seva iliyobeba skani hizo ilikufa Ijumaa jioni. Ya pili ikafa Jumapili, wakati data ya ile ya kwanza bado inajengwa upya kwenye diski mbadala. Jumatatu asubuhi mama mmoja wa masjala alikuja mezani kwangu na karatasi yenye mistari, ameorodhesha namba za majalada kwa kalamu ya bluu, mwandiko umenyooka. Wenye majalada hayo walikuwa wanasubiri dirishani. Akaniuliza yatarudi lini. Nikamwambia hayakuwemo kwenye bekapu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nani aliamua?" Nikamjibu kwamba nilikuwemo. Karatasi za stoo zilikuwepo, ndiyo, lakini baadhi zilikuwa zimelika na unyevu, na ndiyo sababu zilipigwa skani tangu mwanzo. Hilo lilijulikana masjala. Kwenye chumba chetu hapakuwa na aliyelijua.

Hatukuwa wazembe, Ndugu Mkurugenzi. Tulifanya kile mkataba ulichotusukuma kufanya. Kila terabaiti inapokuwa na bei, kila terabaiti inakuwa mshukiwa, na kubwa kuliko zote ndiyo hutolewa kwanza, iwe na thamani au isiwe nayo.

Septemba 26, 2025, moto ulizuka kwenye betri za kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Uliteketeza mfumo wa G-Drive, ambamo watumishi wa serikali walikuwa wakiweka faili zao za kazi: terabaiti 858. Nakala ya nje haikuwepo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mfumo huo ulikuwa mkubwa mno kufanyiwa bekapu ya nje. Sisemi kwamba leseni ndiyo iliyowaponza. Nasema "ni kubwa mno" ni maneno yale yale yaliyotamkwa kwenye chumba chetu, na yakishatamkwa hakuna anayeuliza ni ya nani na akiipoteza atafanya nini.

Sasa jambo la pili, ambalo linaninyima usingizi kuliko bei yenyewe. Leseni nyingi siku hizi ni za kukodi: unalipa kwa mwaka mmoja au mitatu, muda ukiisha haki ya kutumia inaisha. Kumbukumbu za umma zina muda wake wa kutunzwa kisheria, na mara nyingi ni mrefu kuliko mkataba huo. Nakala zinazotengenezwa na programu hizi huwa katika muundo wa mtengenezaji mwenyewe. Huwezi kuzifungua kwa programu nyingine. Kwa hiyo nauliza: siku mkataba umekwisha na hatujahuisha, je, tunaruhusiwa kurejesha nakala za jana? Kuna mikataba inayosimamisha bekapu mpya na kuacha urejeshaji wazi. Mingine haisemi wazi. Ukinyamaza kwenye zabuni, jibu atalitoa muuzaji, na atalitoa siku ambayo huna nguvu ya kubishana naye.

Tepu za sumaku za kuhifadhia data nazo zisitupe faraja ya bure. Nazipenda, tepu iliyotolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini haifikiwi na virusi vya kufunga data na kudai fidia. Tepu ya LTO-9, kizazi cha tisa cha aina ya tepu iitwayo LTO, inabeba terabaiti 18 kabla ya kubanwa. Lakini mashine ya LTO-8 inasoma tepu za LTO-7 na haisomi za LTO-6. Anayetaka kusoma tepu ya zamani anahitaji mashine inayoikubali, na juu ya mashine mara nyingi anahitaji programu iliyoiandika, pengine ikiwa na leseni hai. Nimeona kabati zima la tepu zilizobandikwa lebo kwa uangalifu mkubwa, ambazo hakuna kitu ofisini kingeweza kuzifungua.

Wapo watakaokuambia suluhisho ni mkataba mrefu na kampuni kubwa inayoaminika. Tazama yaliyotokea kwa waliojenga mifumo yao juu ya VMware, kampuni ya programu za kuendesha mashine pepe. Kampuni ya Broadcom iliinunua Novemba 2023, na Desemba ya mwaka huo huo ikatangaza kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Leseni mpya zikawa za kukodi, zinahesabiwa kwa kori, na kila prosesa inahesabiwa kuwa na kori zisizopungua 16 hata kama inazo 8. Waliotaka kuhamia kwingine ilibidi kwanza waulize kama leseni ya bekapu waliyoilipia inahamishika pamoja nao. Mwenye leseni inayohamishika alihama. Aliyefungwa kwa aina moja ya mashine pepe alilipa mara mbili.

Wengine watakuambia tuachane na wauzaji, tutumie programu huria. Bacula ilianza mwaka 2000 na hadi leo inatumika. Bareos ilizaliwa kutokana nayo. Proxmox Backup Server ilitoka mwaka 2020. Msimbo wake uko wazi, na muundo wa nakala unaweza kusomwa hata kama aliyekuuzia huduma amefunga duka. Naziunga mkono kwa dhati, hasa kwa taasisi ndogo. Ila zinadai watu. Fedha inayookolewa kwenye leseni ihamie kwenye mafunzo na mishahara ya wasimamizi wawili wanaoijua vizuri, maana mmoja akihama ofisi isibaki kipofu. Ikiwa akiba hiyo itarudishwa hazina yote, afadhali tununue.

Na programu yoyote, ya kununua au ya bure, haina maana isipojaribiwa. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu msimbo wao mtandaoni, alifuta kwa makosa data ya hifadhidata yao kuu. Walikuwa na njia kadhaa za bekapu. Mojawapo ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu ilitumia toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa kabla hazijafika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Katika zabuni tulizowahi kupokea sijaona alama hata moja zikitolewa kwa mzabuni kurejesha hifadhidata yenye ukubwa wa kweli mbele ya kamati, saa ikihesabiwa. Kuna alama za wasifu wa kampuni, alama za vyeti, alama za maandishi mazuri.

Basi ombi langu. Kabla rasimu haijatoka, wapigie wasimamizi wa mifumo wa taasisi zitakazotumia programu hiyo, uwaulize wana data kiasi gani leo na ilikuwa kiasi gani miaka mitatu iliyopita. Kila mzabuni apewe takwimu hizo hizo na atoe gharama ya miaka mitano, ikiwemo ya kuhuisha, kwa maandishi yanayomfunga. Mkataba uandike kwamba haki ya kurejesha haiishi hata leseni ikiisha, na kwamba leseni inahama pamoja na data, iwe kwenye seva zetu au kwenye wingu. Uandike pia kwamba data ikizidi kiwango tulicholipia, kazi za usiku ziendelee na tofauti ilipwe baadaye kwa bei iliyokubaliwa, wala zisisimame. Kifungu hicho cha mwisho kingekuwepo kwetu, kile kikao cha watu wanne kisingefanyika.

Karatasi yenye namba za majalada bado ninayo kwenye droo. Yako 63. Nikiitwa kwenye kikao chako nitakuja nayo, na ningeomba mama wa masjala aitwe pia.

Wako katika utumishi,
Msimamizi wa mifumo