Kitabu cha kanuni kisiondolewe mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu jambo linalotugusa wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, ile yenye ramani ya pembesita, mamia ya vipande vya kadibodi na kanuni zinazojaza makumi ya kurasa. Inasikika hoja kwamba vitabu vya kanuni hizo visichapishwe tena kwa kuwa faili la kupakua linatosha. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Faili lina faida, nami nalitumia. Ukiandika neno "moshi" unaletewa papo hapo kila kifungu kilicholitaja, na kampuni za kuchapisha michezo hii kama GMT Games huweka kanuni zilizosahihishwa mtandaoni bila malipo. Hata hivyo, kutafuta neno kunamfaa anayejua anachokitafuta, na anayejifunza bado hajakijua. Tena kanuni hizi zimepangwa kwa namba, kifungu ndani ya kifungu, na kimoja aghalabu hakieleweki bila vingine viwili.

Juzi kifaru cha mwenzangu kilipita nyuma ya kichaka, nami nikataka kukifyatulia kikiwa bado kinasogea. Ilibidi tuangalie kwa pamoja kifungu cha mstari wa kuona, yaani kama kipande kimoja kinakiona kingine, jedwali la aina za ardhi na kanuni ya kumpiga adui aliye mwendoni. Nilizuia ukurasa mmoja kwa kidole, wa pili nikauwekea penseli, na jedwali likawa wazi katikati ya meza. Tukasoma sote wawili, tukaafikiana, mchezo ukaendelea. Kwenye simu ukurasa unaoonekana ni mmoja na anayeusoma ni mmoja, na mwenzake hubaki kusomewa sheria ya kumhukumu.

Udhaifu wa karatasi ni masahihisho, na umewahi kuniumiza. Nilicheza mchana kutwa kwa kanuni ya ugavi wa mahitaji ya majeshi ambayo mchapishaji alikwisha kuifuta, na nilipooneshwa faili jipya majeshi yangu yalikuwa yamezingirwa tayari. Lakini dawa yake ni ya zamani: mchezo wa Advanced Squad Leader, uliotoka mwaka 1985, kanuni zake zilitolewa katika kurasa zilizotobolewa na kufungwa kwenye jalada la pete, hivi kwamba ukurasa uliorekebishwa huchomolewa na mpya hupachikwa mahali pake.

Ninachowaomba wachapishaji ni kwamba waendelee kuchapa, waandike tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa, na faili lenye tarehe hiyohiyo wampe kila anayenunua kasha. Mchapishaji asiyemudu gharama ya kuchapa kitabu kizima, basi achape walau majedwali na faharasa kwenye karatasi ngumu, maana hivyo ndivyo vitu tunavyovishika kila zamu.

Wako,
Mchezaji wa siku nyingi