Idadi ya homurani peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Kwa kuwa besiboli sasa inachezwa katika baadhi ya shule zetu za sekondari kwa msaada wa Wajapani, na Dar es Salaam ina uwanja wake pale Azania, naomba magazeti yetu, yanapotaja vinara wa homurani wa ligi ya Japani, yasiishie kwenye jina na idadi.

Homurani ni mpira unaopigwa ukavuka uzio wa uwanja, mpigaji akazunguka besi zote, yaani vituo vinne vya kukimbilia. Lakini mrushaji asiyetaka kupigwa anaweza kurusha mipira minne nje ya eneo halali, na mpigaji akalazimika kwenda besi ya kwanza bila kupata mpira wa maana wa kupiga; hiyo ndiyo besi ya bure. Kanuni zinaruhusu, na hapo ndipo rekodi ya Japani ilipolindwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1964 Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants alipiga homurani 55 katika msimu mmoja, ikawa rekodi. Mwaka 1985 Mmarekani Randy Bass wa Hanshin Tigers alifika 54, na katika mechi yake ya mwisho ya msimu, dhidi ya Giants, ambao wakati huo kocha wao alikuwa Oh mwenyewe, warushaji walimpa besi za bure mara kwa mara. Mwaka 2001 Tuffy Rhodes wa Kintetsu Buffaloes aliifikia 55, kisha akakutana na Daiei Hawks, timu nyingine iliyofundishwa na Oh, akanyimwa mipira ya kupiga. Kocha msaidizi mmoja wa Hawks alikiri waziwazi kwamba hakutaka mgeni aivunje rekodi hiyo. Mwaka uliofuata Alex Cabrera wa Seibu Lions naye akakwama kwenye 55, ingawa safari hii, alipokutana na Hawks, Oh aliwaambia vijana wake wamrushie kama kawaida. Kinachoshangaza ni kwamba Oh, aliyezaliwa Tokyo na baba Mchina, mwenyewe hana uraia wa Japani.

Rekodi ilivunjika mwaka 2013, pale Wladimir Balentien wa Yakult Swallows, mzaliwa wa Curaçao, alipopiga homurani 60 katika mechi 130 tu. Hata hapo tarakimu ina maelezo yake, kwa maana mwaka huohuo wakuu wa ligi walikiri kwamba mpira ulikuwa umebadilishwa kimyakimya ili uruke mbali zaidi, na kashfa hiyo ikafuatiwa na kujiuzulu kwa kamishna.

Ndiyo maana namheshimu zaidi Munetaka Murakami, pia wa Yakult, ambaye mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 22, alipiga homurani 56 huku akipewa besi za bure 118, na ile ya 56 akaipata katika zamu yake ya mwisho ya msimu. Mwaka huohuo, Marekani, Aaron Judge wa New York Yankees alipiga 62, naye akapewa besi za bure 111. Msomaji anayeona 56 na 62 tu hawezi kujua ni mara ngapi watu hawa walikwepwa.

Ombi langu ni dogo: kila orodha ya vinara iwe na safu mbili zaidi, moja ya mechi alizocheza mpigaji na nyingine ya besi za bure alizopewa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam