Barua ya wazi kwa mliopungua kilo zikarudi

Wanangu, hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuficha. Juzi tulikuwa na kikao cha familia, akaja binti yetu mmoja, mwaka jana alipungua vizuri tu mpaka wote tukampongeza, sasa kilo zimerudi. Jua linawaka lakini yeye kavaa sweta, na kila simu ikiinuliwa kupiga picha anasogea nyuma ya watu, pochi kaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Akatokea mtu mzima kabisa, mbele za watu, eti "Mbona umezirudisha na riba?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka! Hapo ndipo moyo wangu uliuma. Usiku ule ule akafuta picha zake zote za mwaka jana, na kwenye grupu letu la kutembea akajitoa bila kuaga.

Kwa hiyo naongea na nyie wote mnaojificha.

Toeni kichwani hiyo habari kwamba kilo zimerudi kwa sababu nyie ni wavivu. Mwili haujui habari za nguo wala picha, ukipungua unaona njaa imeingia. Ile homoni ya leptini inayouambia ubongo kwamba akiba ipo inashuka, grelini ya kuleta njaa inapanda, na mwili unabana matumizi. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2011, walichukua watu 50 wakawapunguza uzito, umepita mwaka mzima na homoni zao za njaa bado hazijakaa sawa. Mwaka mzima wanangu! Marekani nako waliwafuatilia washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito, majibu yakatoka 2016: baada ya miaka 6, 13 kati yao uzito ulikuwa umepanda tena, na miili yao ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa uzito ule. Hao walikuwa na walimu na kamera zinawaangalia. Sasa wewe unayerudi kazini umechoka, watoto wanakusubiri, unajiitaje mvivu?

Ninachowagombeza mimi ni huku kujificha. Nawajua. Mzani umesukumwa uvunguni mwa kitanda, na vumbi juu. Kilo 3 zilirudi hukutaka kuziona, zikawa 5, zikawa 10, na siku zote hizo unasema utaanza Jumatatu. Kuna wanaoacha hata kwenda kupima presha kwa sababu nesi atawapandisha kwenye mzani atasema neno, sasa presha inakusubiri wewe umalize aibu? Kuna anayesema "nikipungua kidogo ndio nitarudi mazoezini", yaani anataka apone ndio aende hospitali! Nani kawaambia lazima mpungue kwanza ndio mstahili kuonekana? Rudini kama mlivyo, na mwili huo huo.

Na hapa jamii nayo tusemane. Tumezoea kusalimiana kwa uzito, mtu hujamuuliza habari za nyumbani ushamwambia kanenepa. Akikonda, anaumwa nini. Akinenepa, kajiachia. Halafu tunajiita tunawajali. Na hawa wanaouza dawa za kukata tumbo kwa wiki mbili mtandaoni wanaishi kwa aibu hiyo hiyo tunayoipanda sisi, nyie mnanunua usiku mkiwa peke yenu na hamjui hata ndani kumewekwa nini.

Hamu ya kuanza tena, wengi mnaisubiri ije. Haiji hivyo, mara nyingi inakuja ukishaanza. Wekeni lengo dogo mpaka liwashangaze. Mwenye kilo 90 akipunguza asilimia 5 ni kilo 4 na nusu tu, na huko tayari presha na sukari vinaweza kuanza kuwa nafuu. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wa 2002, uliwapa watu lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi dakika 150 kwa wiki, wengi walikuwa wanatembea tu kwa kasi, na hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba. Ile picha yako ya mwaka jana acha kuifukuza, tafuta hizo kilo 4.

Mengine nayataja tu maana mnayajua. Laleni vya kutosha. Usiruke milo mchana ukaja kufidia usiku. Jipime mara moja kwa wiki, saa ile ile. Kilo nyingi za wiki ya kwanza ni maji, usizishangilie sana na zikirudi usilie. Nyanyueni vitu vizito, misuli isiondoke pamoja na mafuta. Na msijiadhibu kwa njaa: vijana 36 waliojitolea kwa utafiti wa Minnesota, huko huko Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, chakula chao kilikatwa karibu nusu, waliishia kuwaza chakula mchana na usiku, na walipoachiwa kuna waliokula mpaka wakaugua.

Kaa chini uandike kilichokusaidia mara ya kwanza, na siku gani hasa uliacha na kwa nini. Msiba? Kazi mpya? Maumivu ya goti? Anzia hapo, maana hiyo sababu itarudi tena na safari hii uwe umejipanga. Kama kuna dawa unatumia, muulize daktari, zipo zinazoongeza uzito, ila usiziache mwenyewe.

Na kama unakula kwa kujificha, au unajitapisha baada ya kula, hilo usilibebe peke yako, nenda hospitali useme wazi wazi. Kama huna wa kukusindikiza nitumie meseji, tutakwenda wote.

Shangazi yenu