Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi Ujenzi kwa Mgeni Rasmi: Makutano ya Gravelly Hill

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wa klabu yetu tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua una shughuli nyingi, nasi tutajitahidi tusikuchoshe, ingawa walioandika risala hii wanapenda zege kupita kiasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kazi yetu ya mwaka huu ni mfano ulioupita pale mlangoni: makutano ya Gravelly Hill, jijini Birmingham, Uingereza, ambayo ni makutano namba 6 ya barabara kuu ya M6. Ujenzi wake ulianza mwaka 1968, na magari yakaruhusiwa kupita tarehe 24 Mei 1972. Watu wengi wanayajua kwa jina la Spaghetti Junction, yaani Makutano ya Tambi, yalilobatizwa na gazeti la Birmingham Evening Mail mwaka 1965, yakiwa bado ni mchoro. Ukiitazama ramani, humlaumu mhariri.

Usanifu ulifanywa na kampuni ya Sir Owen Williams, ile ile iliyosanifu sehemu ya mwanzo ya barabara kuu nyingine ya Uingereza, M1. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1969, hakuwahi kuona gari likipita pale.

Kwa nini barabara zikasokotwa namna ile? Eneo lilikuwa limejaa tayari. Palikuwa na reli, mito, viwanda, nyumba za watu, na mifereji mitatu ya kale inayokutana papo hapo. Wasanifu wakaona heri kupandisha barabara juu ya maji na reli kuliko kubomoa makazi mengi zaidi. Ndiyo maana kuna ngazi tano za barabara na nguzo 559, ndefu kuliko zote ikikaribia mita 24, katika eneo la hekta 12 hivi.

Lakini msokoto huo unadanganya macho. M6 yenyewe inapita katikati kwa takriban kilomita moja, na dereva asiyekwenda Birmingham hakutani na taa wala mzunguko. Anaweza kupita asijue amepita wapi. Vurugu yote ni ya matawi, kama kilomita nne za njia za kupanda na kushuka, zinazounganisha M6 na barabara za A38, A5127 na A38(M) iendayo katikati ya jiji. Hiyo ya mwisho inatuvutia sana. Ina njia saba bila ukuta wa katikati, na taa za juu ndizo zinazoamua njia ipi ni ya nani: asubuhi nyingi huelekea mjini, jioni zinageuzwa.

Huko chini nako kuna jambo tulilobishana nalo hadi usiku. Nguzo za kando ya mifereji zilipangwa kwa kuzingatia kwamba mashua inayokokotwa na farasi atembeaye ukingoni iweze kupita bila kamba yake kunasa. Farasi, mwaka 1972! Wengine wetu waliona ni kupoteza muda. Sisi tulioandika risala hii tunaona ndiyo heshima ya mhandisi kwa aliyetangulia kuitumia njia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, adui wa makutano hayo hakuwa uzito wa magari, japo yalikusudiwa magari 75,000 kwa siku na sasa hupita zaidi ya 200,000. Adui ni chumvi. Wakati wa baridi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Maji yake hupenya kwenye viungio vya daraja vilivyochakaa, yakadondokea boriti zilizolala juu ya nguzo. Chumvi ikizama ndani ya zege, nondo hushika kutu; kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Matengenezo yamekuwa yakiendelea kwa miongo kadhaa, na katika madaraja ya ukanda huo imetumika hata mbinu ya kupitisha umeme mdogo kwenye nondo ili kutu isiendelee.

Hapo ndipo penye ombi letu. Tunafundishwa vizuri kukokotoa boriti mpya, lakini kukagua boriti yenye umri wa miaka hamsini hatujawahi. Tunaomba utusaidie kupata mambo mawili: kifaa cha kupima kiwango cha chumvi ndani ya zege, na ruhusa ya kuandamana na wakaguzi wa madaraja wakati wa likizo, hata kama kazi yetu itakuwa kushika ngazi.

Baada ya risala tunakuomba ufike kwenye mfano. Pembeni kuna kichupa cha maji yenye rangi. Dondosha matone machache kwenye kiungio tulichokiacha wazi kwa makusudi, kisha uiname utazame boriti iliyo chini yake.

Tunaomba kuwasilisha.