Salamu za shukrani kutoka kwa familia: Mama yetu amepumzika

Sisi watoto, wakwe na wajukuu tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa maisha aliyomjalia Mama, na tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu siku ya majibu hadi tulipompumzisha.

Siku ile ya majibu! Saratani ya kongosho, na tayari imefika kwenye ini. Tukakubaliana Mama asiambiwe, asije akakata tamaa. Kumbe alishajua zamani. Alikuwa ameyaona macho yake ya manjano kwenye kioo, na nyuso zetu kila tulipoingia chumbani.

Muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, Mungu akubariki. Ulikaa pembeni ya kitanda ukamuuliza, "Mama, unatamani nini?" Sote kimya. Akajibu, "Nilale usiku mmoja bila maumivu." Ukamwanzishia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, dozi ya kulalia maradufu, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana mofini hufunga tumbo. Sisi tulidhani mtu akipewa mofini ndiyo basi tena. Usiku wa tatu Mama alilala hadi kumekucha, akaamka anadai miwani mipya.

Miwani! Tulinong'onezana kwamba ni kupoteza pesa. Mke wa kaka yetu hakutusikiliza, akampeleka kupimwa macho. Mama aliivaa siku 19, akisoma Zaburi kwa sauti na kukagua daftari la dawa, ole wako akikuta umeruka saa. Wifi, asante. Sisi tulikuwa tumeshaanza kumlilia, wewe ulikuwa bado unaishi naye.

Shukrani pia kwa madaktari na wauguzi wote, wachungaji, kwaya, majirani, wafanyakazi wenzetu, waliokesha nasi, waliochanga, waliosafiri, waliobeba jeneza, waliotuma rambirambi. Mungu awalipe.

Mtuwie radhi sana tusiowataja, na mliopiga simu zisipokewe. Wengine hata hatukuwashika mkono siku ya mazishi, si kwa dharau, macho yalikuwa hayaoni.

Na wewe uliyeleta kiti cha magurudumu ukaondoka bila kuacha jina: Mama alikitumia kutoka nje kuota jua, karibu kila asubuhi. Tumekisafisha, kipo. Tunaomba upite ukichukue, tukuone.