Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwanga wa Mbali na Antena za Ngomeni

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum, na hamjambo.

Mwaka huu tulishika jambo moja tu: mimweko ya miale ya gama, yaani miali mikali na ya muda mfupi ya mwanga usioonekana kwa macho, itokayo mbali angani. Wapo waliouliza mbona tusibaki na mwezi na Zuhura, ambavyo mtu huviona akiwa barazani kwake. Jibu langu ni lile lile: habari za mimweko hii zimekuwa zikishukia hapa kwetu, Ngomeni, na watoto wetu wengi hawajui.

Setilaiti za Vela za Marekani ziliinasa kwanza mwaka 1967, na kwa miaka thelathini wataalamu wakabishana inatoka karibu na galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, au mbali kabisa. Tarehe 28 Februari 1997, setilaiti ya BeppoSAX ya Waitaliano na Waholanzi ilidaka mmweko, ikapageukia mahali pale na kukuta bado panatoa miale ya eksi (eksirei). Data zake zilipokelewa na kituo cha Malindi, ambacho antena zake ziko hapa Ngomeni. Mng'ao huo uliobaki nyuma ndio ulioonyesha darubini pa kuelekea, na mwezi wa Mei mwaka huo huo mmweko mwingine ukapimwa: mwanga wake ulikuwa umesafiri mabilioni ya miaka. Setilaiti nyingine, Swift, iliyorushwa Novemba 2004, nayo imekuwa ikiteremsha data zake hapa hapa.

Katika ziara zetu za shuleni tulizima taa za darasa, tukamulika tochi kupitia chupa tatu: maji safi, chai ya rangi, na maji ya mto Sabaki wakati wa mvua. Binti mmoja wa darasa la sita akasema, "Kumbe tochi ndiyo inatwambia maji yalivyo, hata mto wenyewe hatujauona." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Galaksi za mwanzo ni hafifu mno kuonekana vizuri, lakini nyota kubwa ikifa ndani yake kwa mmweko kama huu, mwanga wake hupita kwenye gesi iliyoko njiani, na kila aina ya gesi humeza rangi zake na kuacha mapengo. Kutokana na mapengo hayo hujulikana gesi ni ya nini na iko umbali gani.

Mmweko wa tarehe 23 Aprili 2009, ulionaswa na Swift, ulidumu kama sekunde 10 tu. Mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 13 hivi, na kwa jinsi ulimwengu ulivyotanuka, mawimbi yake yalikuwa yamevutwa zaidi ya mara 9, hata mng'ao uliobaki nyuma haukuonekana kwa mwanga wa kawaida, bali kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Nyota ile ilikufa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 630 hivi. Mimi nikilifikiria hilo usiku huwa silali.

Kusi ilituharibia vikao kadhaa kwa mawingu. Darubini yetu kubwa iliingia kutu ya chumvi; fundi tuliyempelekea alikaa nayo miezi minne akairudisha vile vile, na vijana wetu wakaisafisha wenyewe. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Nina ombi moja. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksi angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni. Mwenye babu au mzazi aliyefanya kazi pale miaka ile, tafadhali amlete kikao cha Januari. Tutakuwa na kinasa sauti, na usafiri wake chama kitalipa.

Mwenyekiti